Premio yangu au stesheni wagoni ya Mercedes: siku tano za kupima kabla ya kubadilishana

Mwezi Agosti mwaka jana, dada mmoja ninayefanya naye kazi hapa Kampala, ambaye alikuwa amepata uhamisho wa kwenda Nairobi, aliniletea pendekezo lililoninyima usingizi kwa majuma mawili. Alitaka nimpe Toyota Premio yangu ya mwaka 2010 pamoja na nyongeza ya shilingi milioni 34 za Uganda, naye anipe Mercedes-Benz E 250 ya mwaka 2012, ile ya stesheni wagoni, yaani yenye paa lililonyooka hadi nyuma na buti kubwa iliyoungana na nafasi ya abiria. Fedha alizihitaji kwa ajili ya kuhama, na Premio alitaka kumwachia mama yake anayeishi Ntinda. Dada huyu si dalali wala mtu wa maneno mengi, na gari lake nimelijua tangu alilinunue, kwa hiyo sikuwa na sababu ya kumshuku. Nilipoanza kuvuta miguu alinikabidhi ufunguo na kusema, "Kaka, usiniambie chochote sasa. Najua unakwenda Arua kuwasalimia wazazi. Nenda nalo, ukirudi tutazungumza."

Niseme mapema kwamba gari lenyewe halikuwa na kosa lolote, na kwamba anayesoma tathmini hii akitarajia kusikia visa vya Mercedes kuukuu kuniacha njiani hatavipata. Ugumu wa uamuzi wangu ulitokana hasa na uzima wake, maana gari bovu mtu hulikataa kwa dakika tano na kwenda zake.

Kwanza nieleze ninachokimiliki. Premio yangu ina injini ya Toyota ya 1NZ-FE, yenye ujazo wa lita 1.5 na nguvu za farasi zinazokaribia 110, injini ambayo imo pia katika Corolla, Fielder, Vitz, Ist, Probox na Raum za miaka hiyo. Kwa mtu wa Kampala maana yake ni kwamba plagi, pampu ya maji au chujio cha oili hupatikana katika karibu kila kibanda cha spea, kuanzia Kisekka na Ndeeba hadi vituo vidogo vya biashara vilivyo kando ya barabara kuu, na kwamba fundi anayekaa chini ya mwembe huko Nebbi ameshaifungua injini kama hii mara nyingi kuliko anavyoweza kukumbuka. Ninayo kwa mwaka wa sita sasa. Nimebadilisha bushi, shokapu za mbele, betri mbili, breki pedi kwa wakati wake, na oili isiyofika lita nne kila kilomita 5,000. Sina jingine la kusimulia juu yake. Haina ukimya, viti vyake vinachosha baada ya saa nne, na ikipita lori kwa kasi upande wa pili gari zima huyumba kidogo, lakini sijawahi kuamka asubuhi nikajiuliza kama itawaka.

Mercedes ni habari nyingine. Ni ya kizazi ambacho kiwandani hukiita S212, kikiwa ndugu wa saluni ya W212 iliyoanza kuuzwa mwaka 2009. Injini yake ni ya silinda nne, yenye ujazo wa lita 1.8 tu, lakini ina turbo na mafuta hupulizwa moja kwa moja ndani ya silinda, kwa hiyo inatoa nguvu za farasi 204 na inavuta kwa msuli mkubwa tangu mizunguko ikiwa 2,000 kwa dakika. Giaboksi ni ya otomatiki yenye gia saba. Gari linakaribia mita 4.9 kwa urefu na lina upana wa mita 1.85, ambao ni zaidi ya upana wa Premio kwa sentimita 16 hivi. Sentimita hizo unaweza kuzidharau kwenye karatasi, lakini utaziheshimu siku utakapojaribu kupenya katikati ya matatu mbili karibu na stendi kuu jioni ya Ijumaa, huku bodaboda zikiwa zimeziba kila upenyo uliobaki.

Tuliondoka Kampala alfajiri ya Alhamisi, mimi, mke wangu na watoto wawili, tukashika barabara ya Bombo na Luweero. Safari hii ya karibu kilomita 500 nimeiendesha kwa Premio mara nyingi kiasi kwamba najua ni wapi shingo inaanza kuuma. Inaanza Kafu. Safari hii tulivuka daraja la Kafu watoto wakiwa wamelala na mke wangu akinisimulia habari za shule kwa sauti ya kawaida, sauti ambayo mtu huitumia sebuleni, na hapo ndipo nilipotambua kwamba kwa miaka sita tumekuwa tukipigiana kelele ndani ya gari bila kujijua. Kwa kilomita 100 kwa saa injini hii inanong'ona tu, upepo husikika kwa mbali, na usukani hutulia mkononi bila kuomba kusahihishwa kila mara. Malori yaliyokuwa yakirudi kutoka mpaka wa Elegu yalitupita upande wa pili na gari halikushtuka. Nilipofika Karuma, pale nyani wanapokaa kando ya barabara wakingoja abiria wawatupie ndizi, sikuwa nimechoka hata kidogo, nami nikaanza kuzihesabu zile milioni 34 kama fedha ambazo tayari zimeshatoka.

Jambo ambalo brosha haliwezi kukueleza ni jinsi gari la aina hii linavyokutana na matuta yetu. Matuta ya Uganda hayana kipimo kimoja: yapo yaliyojengwa na wakandarasi kwa ramani, na yapo ambayo wanakijiji wameyarundika wenyewe baada ya mtoto kugongwa, jambo ambalo siwezi kuwalaumu. Premio huyapita yote kwa kuinamisha kichwa. Mercedes ina mwili mrefu na tumbo lililo chini, kwa hiyo katika matuta mawili niliikwaruza nikiwa na abiria watatu tu na mizigo ya kawaida, na baada ya hapo nikajifunza kuyapita kwa upande, gurudumu moja baada ya jingine, huku dereva wa basi nyuma yangu akipiga honi kwa hasira.

Kisha likaja shimo. Mwaka 2023 wakazi wa Kampala waliendesha maonyesho ya mashimo ya barabarani mtandaoni, kila mtu akituma picha ya shimo la mtaani kwake, na wengi tulicheka. Shimo langu halikuwa Kampala, lilikuwa mbele kidogo ya Pakwach, limejaa maji ya mvua na halionekani. Tairi za Mercedes hii ni za 245/45 za rimu ya inchi 17, maana yake mpira ulio kati ya rimu na barabara ni mwembamba, na shimo ambalo Premio ingelimeza kwa mshindo mmoja lilikata ubavu wa tairi ya mbele kushoto. Kosa ni langu, nilikuwa nakwenda kwa kasi ya mtu aliyelewa ukimya. Ndani ya sakafu ya buti palikuwa na tairi ya akiba ile nyembamba, ambayo maandishi yake yanakataza kuzidisha kilomita 80 kwa saa, na kwa tairi hiyo tulikwenda zaidi ya kilomita 100 zilizobaki kupitia Nebbi hadi Arua, tukipitwa na kila chombo chenye injini.

Arua ni mji mkubwa, na tairi za Toyota, za pikipiki na za malori utazipata bila shida. Tairi ya 245/45 R17 sikuipata katika maduka manne niliyoyaulizia Ijumaa asubuhi. Mwenye duka la mwisho alinitazama kwa huruma, akasema, "Mzee, hiyo piga simu Kampala, itakuja na basi la usiku." Ndivyo ilivyokuwa. Zilikuja mbili, kwa sababu si busara kuwa na tairi mpya upande mmoja wa ekseli na nzee upande mwingine, na pamoja na nauli ya mzigo nililipa shilingi 1,130,000. Siku nzima ya Ijumaa, ambayo nilikuwa nimepanga kumpeleka baba shambani, gari lilikaa uani likiwa limefunikwa kwa turubai kama bibi harusi, na shambani tulikwenda kwa bodaboda.

Naomba nisionekane mchoyo wa sifa, maana Jumapili wakati wa kurudi gari lilinirudishia heshima yake yote. Mama alikuwa anakuja Kampala kwa matibabu ya macho, na mama wa Arua hasafiri mikono mitupu. Tulipakia magunia mawili ya unga wa muhogo, ndoo mbili za asali, ufuta, samaki wakavu, mikeka, kuku watatu ndani ya tenga na godoro la mtoto. Buti ya stesheni wagoni hii ina lita 695 viti vya nyuma vikiwa vimesimama, na lita 1,950 ukivilaza, na sakafu yake ni bapa kuanzia mlangoni, kwa hiyo gunia unalisukuma badala ya kulinyanyua. Nilipomaliza kupakia, nyuma pakazama kama gari lolote lingezama. Nikawasha injini, na baada ya muda mfupi sehemu ya nyuma ikajiinua yenyewe polepole hadi ikawa sawa na mbele, maana stesheni wagoni za kizazi hiki hutoka kiwandani zikiwa na mifuko ya hewa nyuma badala ya springi za chuma. Mama alishuka, akazunguka kuangalia ni nani aliyelinyanyua. Katika Premio mzigo ule ungehitaji safari mbili, au ungepanda basi peke yake.

Jumatatu nililipeleka kwa fundi anayeshughulika na magari ya Kijerumani. Alilichunguza kwa saa tatu, akaunganisha kompyuta, akalisikiliza likiwashwa likiwa baridi. Sababu ya kulisikiliza likiwa baridi ni kwamba injini hii, ambayo kiwandani inajulikana kama M271, ina sifa iliyoenea kote ulimwenguni ya taimingi cheni (mnyororo unaozungusha kamshafti, yaani vyuma vinavyofungua vali za injini) kulegea na meno ya gia za kamshafti kulika, hasa ikiwa oili imecheleweshwa kubadilishwa, na dalili ya kwanza ni mlio wa kukwaruza kwa sekunde chache asubuhi. Gari la dada huyu halikuwa na mlio huo. Mifuko ya hewa haikuwa ikivuja. Giaboksi ilikuwa inabadilisha gia bila kushtua. Fundi alijifuta mikono, akaniambia jambo ambalo nimelirudia kichwani mara nyingi tangu siku ile: "Gari ni zima. Sasa tuzungumze habari zako. Siku nikikupigia simu kwamba inatakiwa milioni tatu na nusu ya cheni na gia zake, utazitoa juma hilo hilo, au gari litakaa hapa kwangu miezi miwili?"

Nilimwomba anitajie bei nyingine. Mifuko miwili ya hewa ya nyuma, isiyo ya kiwanda lakini nzuri, ni milioni 2.4 pamoja na kazi. Oili ya giaboksi na chujio lake, kazi inayofaa kufanywa kila baada ya kilomita 60,000 hivi, ni shilingi 900,000. Oili ya injini ni lita tano na nusu, na lazima iwe ya sintetiki ya daraja linalokubaliwa. Hakuna hata kimoja kati ya hivi kilichokuwa kinahitajika siku ile, isipokuwa oili ya giaboksi, lakini gari lilikuwa limetimiza miaka kumi na mitatu, na mipira, plastiki na vihisio havisomi kitabu cha huduma ili kujua kama mwenye gari alikuwa mwangalifu.

Mafuta nayo yana hesabu yake. Kwa mwezi ninaendesha karibu kilomita 1,200, nyingi zikiwa ndani ya foleni za Kampala. Premio hunipa kilomita 13 kwa lita kwa wastani, na Mercedes, kwa siku nilizokuwa nayo mjini na safarini, niliikadiria kuwa ingenipa kilomita nane katika matumizi yangu ya kawaida, ingawa kwenye barabara kuu ilifika 11. Nikichukua lita moja kuwa shilingi 5,000, Premio hunywa shilingi 460,000 kwa mwezi na Mercedes ingekunywa 750,000. Tofauti ya mwaka mzima inakaribia milioni tatu na nusu, yaani kila mwaka ningekuwa nanunua ile cheni ya fundi na kuimwaga ndani ya tangi. Tena sijaweka nyongeza ya mafuta ya oktani ya juu, ambayo injini ya aina hii huyahitaji.

Hapa wapo watakaosema kwamba ningeepuka yote haya kwa kuagiza gari jipya kidogo kutoka Japani au Uingereza. Nilifikiria hilo pia. Sheria yetu ya mwaka 2018 ilipiga marufuku kuingiza gari lililozidi miaka 15 tangu litengenezwe, na gari kuukuu linatozwa ushuru wa mazingira juu ya ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 18, kwa hiyo stesheni wagoni ya E ya baada ya mwaka 2013, yenye injini iliyoirithi M271, ingefika bondi ya Nakawa, yaani yadi ya magari yaliyoagizwa, ikiwa na bei ambayo haina mazungumzo na mshahara wangu. Wengine wamenishauri Fielder, ambayo ni stesheni wagoni yenye injini ileile ya Premio. Kwa mizigo wamesema kweli, na ingekuwa shida yangu ni magunia ya mama tu, ningekuwa nimeshaichukua kwa nyongeza ndogo. Lakini ndani ya Fielder kelele ni zilezile, na nilipojihoji kwa uaminifu niligundua kwamba kwa mizigo basi la usiku linanitosha, na kwamba kitu nilichokuwa tayari kukilipia milioni 34 ni yale mazungumzo ya sauti ya chini pale Kafu.

Lililonisaidia kukata shauri halikutoka kwa fundi wala kwenye kikokotoo. Jumanne, nikiwa nasubiri kumrudishia dada ufunguo, nilikumbuka sababu aliyonipa mwanzoni ya kuitaka Premio: anakwenda mbali, na anataka kumwachia mama yake gari ambalo halitamsumbua. Ana magari mawili mbele yake, moja analijua kwa miaka minne na ameligharimia vizuri, na jingine amelipanda mara chache tu tukienda kwenye semina, na alipofikiria ni lipi la kumwachia mtu anayempenda ambaye hana fundi wa kumpigia simu, alichagua langu bila kusita. Nami siku hiyohiyo nilikuwa na mama yangu nyumbani mwenye miadi ya macho saa mbili asubuhi upande wa pili wa mji.

Nilipomwambia hivyo alicheka sana, akasema hakuwa amelifikiria kwa njia hiyo, wala hakukasirika. Hatukubadilishana. Nilimlipa dada huyo gharama ya kupiga rangi pale nilipokwaruza chini ya bampa, zile tairi mbili nikamwachia, na gari alilinunua daktari mmoja anayefanya kazi Entebbe, ambaye kila siku hupita kwenye barabara ya kulipia, ile isiyo na matuta wala mashimo, na ambaye ana gari jingine nyumbani. Kwa mtu wa namna hiyo, anayelipa shilingi 5,000 za ada bila kuhesabu na ambaye kukosa gari kwa juma moja hakumvurugii kazi, ningelipendekeza gari hili bila wasiwasi, na hata bei aliyoitoa naona ilikuwa ya haki.

Premio imepata shokapu mpya za nyuma, raba mpya za milango yote minne na tairi nne za aina isiyo na kelele nyingi, vyote kwa shilingi 1,900,000. Mwezi Desemba tulikwenda nayo Arua. Kelele imepungua kiasi, shingo sasa inaanza kuuma Karuma badala ya Kafu, na lile shimo la mbele ya Pakwach lilikuwa bado lipo.